Mbiu Isiyo na Jambo

Wazee wetu walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Methali hii niliiandika ubaoni mara nyingi katika miaka yangu ya kufundisha, na watoto waliieleza vizuri kwenye mitihani. Sikudhani kwamba ningefika umri huu wa miaka sabini na ushei, nikae mbele ya mashine ambayo mbiu yake inalia kutwa nzima na haina jambo.

Mashine yenyewe ni kompyuta ya mezani. Aliniletea mwanangu kutoka Dar es Salaam ili niandikie kurasa hizi mwenyewe, nisiendelee kuwatesa wapiga chapa wa hapa Kilwa Masoko kwa mwandiko wangu. Naishukuru sana. Inahifadhi maneno yangu, inayasahihisha, tena hainiulizi malipo ya karatasi iliyoharibika. Lakini inayo tabia moja ambayo nimeazimia kuihakiki, kama nilivyozoea kuhakiki riwaya na tamthiliya darasani. Kwani nayo ni kazi ya akili za watu. Kuna waliokaa wakaamua iwe hivi, isiwe vile, na kazi ya namna hiyo haina budi kuulizwa maswali.

Tabia yenyewe ni hii. Uko katikati ya sentensi, mara kwenye kona ya chini mkono wa kulia kinachomoza kisanduku, pengine na mlio. Kwa Kiswahili cha siku hizi kisanduku hicho huitwa arifa. Unakisoma, kinatoweka, na sentensi uliyokuwa nayo kichwani imeondoka nacho. Asubuhi moja nilichukua daftari nikawa napiga mistari, kama karani anavyohesabu magunia ya ufuta. Tangu saa mbili hadi saa sita mchana nilipata arifa 23. Mbili zilikuwa na maana: salamu ya binti yangu, na onyo kwamba nafasi ya kuhifadhia kazi zangu inakaribia kwisha. Nyingine zote zilikuwa upuuzi. Programu moja iliomba niisifu kwa nyota tano. Nyingine ilijitangaza kuwa imefanywa upya. Nilipewa hali ya hewa ya mji nisiopata kuukanyaga, habari za ndoa ya mchezaji wa mpira, na punguzo la bei ya bidhaa zisizoletwa Kilwa.

Sasa turudi kwenye mbiu. Mbiu ni pembe ya mnyama, na mgambo ni tangazo la watu wote. Mpiga mbiu wa zamani hakuwa mtu yeyote aliyeokota pembe. Alitumwa na jumbe au mkubwa mwingine wa mji, na watu walimjua. Alipopiga, alisimama akaeleza kilichomleta, kisha akaendelea mtaa wa pili. Hakurudi baada ya robo saa kuuliza kama tangazo lake limetupendeza. Nguvu ya pembe ile haikuwa katika sauti yake. Ilitokana na kwamba haikuwa ikilia ovyo.

Jambo la pili tunalolijua sisi watu wa pwani ni hodi. Mgeni hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa hugeuka akaenda zake, wala hanuni. Mwenye nyumba anaweza kuwa amelala, anaswali, au hana nafasi tu, na halazimiki kueleza sababu. Programu nyingi za kompyuta hufanya kinyume chake. Huingia kwanza na kuketi chumbani, halafu ukitaka kuzitoa hukuonyesha mlango uliofichwa nyuma ya milango mingine minne.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kompyuta za zamani zilikuwa na mlio mmoja mfupi, na mara nyingi mlio ule ulikuwa na jambo: umebonyeza palipokatazwa, au printa imeishiwa karatasi. Mwezi Juni 2009 kampuni ya Apple ilizifungulia programu za watu wengine njia ya kusukuma arifa hadi kwenye simu zake, hata kama mwenye simu hakuifungua programu husika. Mwaka 2012 utaratibu wa kukusanya arifa ukahamia kwenye kompyuta za kampuni hiyo. Microsoft nao, walipotoa Windows 10 mwezi Julai 2015, wakaziwekea arifa chumba chao kizima pembeni mwa kioo. Mwaka huo huo tovuti nazo zikaanza kuomba ruhusa ya kutuma arifa kwenye kompyuta kupitia kivinjari cha Chrome, na maombi hayo yakawa kero mpya juu ya kero.

Kwa kuwa mhakiki hapaswi kuficha mazuri, niseme kwamba baadhi ya waundaji waliona walikokosea. Mwezi Januari 2020 kivinjari cha Firefox kiliacha kumrukia msomaji kwa maombi hayo, yakawa yanakaa kimya juu ya ukurasa mpaka mwenyewe abonyeze. Mwezi uliofuata Chrome nacho kilileta njia ya utulivu. Mwaka 2022 ilipotoka Android ya 13, programu mpya ya simu ililazimika kuomba ruhusa kabla ya kutuma arifa yake ya kwanza. Hiyo ndiyo hodi ninayoisema. Ilichukua miaka kumi na zaidi kuikumbuka, lakini ilikumbukwa.

Kwenye kompyuta za Windows, ambazo zimejaa maofisini mwetu, hodi hiyo bado ni hafifu. Programu ya kawaida ikishaingizwa ndani huhesabiwa kuwa imeruhusiwa kulia, mpaka mwenye kompyuta aende kuizima. Ni kweli swichi zipo. Ukifungua mipangilio, ukaingia kwenye mfumo, kisha kwenye arifa, utaikuta orodha ya programu na swichi ya kila moja. Unaweza kuzuia mlio ukaacha kisanduku, au ukazuia vyote viwili. Huo ni utaratibu mzuri na nawapa alama zao. Lakini nina hoja tatu dhidi yake.

Ya kwanza ni kwamba mzigo umewekwa kwa asiyestahili. Anayetaka kimya ndiye anayetakiwa kujifunza, kutafuta na kuzima, na anayetaka kupiga kelele hatakiwi kufanya lolote. Ya pili ni kwamba zipo programu zinazochora visanduku vyao zenyewe, ambavyo swichi za Windows hazivifikii. Hapo utii wako wote wa maelekezo haukusaidii kitu. Ya tatu ni majina. Windows 10 ilianza na kitu walichokiita saa za utulivu. Mwaka 2018 kikabadilishwa jina kikaitwa, kwa tafsiri yangu, msaada wa kuzingatia. Mwaka 2022, katika Windows 11, kikaitwa usisumbue. Mwalimu akilibadilisha jina somo lake kila baada ya miaka michache, mwanafunzi aliyeshindwa kulipata darasa hawezi kuitwa mtoro.

Nikiwa mwalimu wa lugha, siwezi kuliacha suala la maneno. Mwezi Desemba 2004 wataalamu wa mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye maelekezo ya Kiswahili. Nilifurahi niliposikia, kwani ilionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kusema mambo ya mashine bila kutafuna maneno. Tangu hapo istilahi zetu zimezidi kukua, na arifa ni mojawapo ya zile nzuri. Kumuarifu mtu ni kumpa habari inayomhusu. Je, punguzo la bei la duka la ng'ambo linanihusu nini? Hilo ni tangazo la biashara, nalo lina jina lake. Lakini kwenye kompyuta salamu ya binti yangu, onyo la hatari na tangazo la viatu vyote vimevishwa kanzu moja ya arifa. Vikishavishwa kanzu moja, hupewa na swichi moja. Kosa linaanzia kwenye jina na kuishia kwenye kitufe.

Tazama pia majibu tunayopewa. Kisanduku kinauliza kama ninataka kupokea arifa, na chini yake kuna vitufe viwili: Ruhusu, na Siyo Sasa. Hapana haipo. Ningetunga swali la kuchagua jibu nikaliacha jibu sahihi nje, mkaguzi wa elimu angenirudishia karatasi siku ile ile. Siyo Sasa maana yake ni kwamba nimekubali kuulizwa tena kesho, na huko ndiko kuulizwa mpaka nichoke. Anayekubali kwa kuchoka hajaruhusu chochote.

Nilimweleza malalamiko haya mjukuu wangu, aliyekuja likizo. Aliniangalia kwa huruma.

"Babu, si unazima tu? Zima zote, uandike kitabu chako kwa raha."

Nikamsikiliza. Programu iliyonisumbua kuliko zote ilikuwa ile ya ujumbe, ambayo mwanangu aliniwekea ndani ya kompyuta ili nisihangaike na herufi ndogo za simu. Tulitafuta ndani yake namna ya kuzuia matangazo na porojo za makundi tukaacha ujumbe wa watu niliowachagua. Hatukuona. Palikuwa na swichi moja tu: zote, au hakuna. Nikachagua hakuna. Hiyo ilikuwa Machi 2024, na nakiri kwamba mwezi ule na uliofuata niliandika kuliko nilivyowahi kuandika.

Hapa sina budi kumtaja jirani yangu. Ni mvuvi, umri wake ni wa kuwa mdogo wangu wa mwisho, na tuna mapatano ya miaka mingi. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani aliyeko Dar es Salaam hunitumia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kila zinapotolewa, nami humpelekea jirani kwa mdomo kabla hajaingia baharini. Redio anayo, ila mara ina betri, mara haina. Mimi ndiye nilikuwa redio yake.

Mama yangu alinisimulia habari za kimbunga kilichoipiga Lindi mwezi Aprili 1952, wakati mimi nikiwa mtoto wa mgongoni. Alisema hakuna aliyewaambia lolote; waliona mbingu imegeuka, basi. Mwaka 2024 hatukuwa na udhuru huo. Tangu siku za mwanzo za Mei Mamlaka ilikuwa ikitoa tahadhari juu ya kimbunga kilichopewa jina la Hidaya, kilichokuwa kikija kuelekea pwani yetu. Mwanafunzi wangu, Mungu ambariki, alinitumia taarifa zote. Ziliingia kwenye kompyuta yangu zikakaa pale kimya, moja juu ya nyingine, kama nilivyoamuru. Simu nilikuwa nimeiacha kwa fundi. Nami nilikuwa naandika.

Ijumaa ya tarehe 3 alfajiri jirani yangu alipita barazani akaniuliza kama kuna habari. Nikamwambia hakuna. Akaelekea upande wa Songo Songo, yeye na kijana wake.

Jumamosi kimbunga kilifika Mafia, na ingawa nguvu zake zilikuwa zimepungua, upepo na mvua tulivyovipata huku si vya kusimulia. Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga, abiria na magari yakakwama siku kadhaa. Mimi nilikuwa nimekaa dirishani naangalia mnazi wa jirani unavyoinama, na mkewe amekaa barazani kwangu hasemi neno. Jioni ile ndipo nilipoifungua programu nikaziona taarifa, sita, zimepangana. Sikumwonyesha.

Walirudi Jumatatu. Walikuwa wamekimbilia kisiwani upepo ulipoanza, wakajificha huko. Nyavu zimepotea zote, ngalawa imevunjika ubavu, na kijana alikuwa ameumia mkono. Jirani alikuja kwangu kabla hajabadili nguo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Pole sana, ndugu yangu."

"Nimeshapoa. Nasikia redio zilitangaza tangu katikati ya wiki. Mbona mbiu yako haikulia?"

Hakusema kwa hasira. Ningependa angekasirika.

Nilimweleza habari za swichi, na nilipokuwa nikieleza nilijisikia kama mwanafunzi anayemweleza mwalimu kwamba daftari limeliwa na mbuzi. Ni kweli programu ilikuwa na kosa. Iliziba njia zote mbili: kwa kelele zake ilinifanya niwe kiziwi, kisha ikanipa uziwi kamili kuwa ndiyo tiba pekee. Lakini mkono ulioizima ulikuwa wangu, na ahadi ilikuwa yangu. Nilizima bila kujiuliza nani ananitegemea nisikie.

Usiku ule nilikumbuka kitu ambacho sijapata kukiandika popote. Mwaka 1979 nilikabidhiwa shule yangu ya kwanza kuiongoza, bara kidogo kutoka Lindi. Kengele yetu ilikuwa kipande cha chuma kilichotundikwa kwenye mwembe. Kilitoka kwenye reli ambayo Waingereza waliijenga kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea, mradi ulioshindwa, na reli yenyewe ikafungwa baada ya Uhuru. Chuma kile kilikuwa na sauti kali, na mimi nilikuwa kijana niliyetoka chuo cha ualimu na imani kubwa katika ratiba. Niliipiga kengele kwa vipindi, kwa mstari, kwa kuhesabu majembe, kwa kumwita kiranja, kwa kutangaza kwamba kuna tangazo. Wakati mwingine, nasema ukweli, niliipiga ili nijisikie kuwa ni mwalimu mkuu.

Siku moja moto uliruka kutoka jikoni ukashika makuti ya darasa la tano. Niliipiga kengele kwa nguvu zangu zote. Watoto walikuwa shambani, upande wa pili wa kilima. Walisikia, wakaendelea kupalilia. Walidhani ni majembe. Walipouona moshi, paa lilikuwa limekwisha anguka na vitabu vyote vya darasa lile vimeungua. Hakuna aliyeumia. Kesho yake, mbele ya shule nzima, nilimchapa kiranja fimbo nne kwa kosa la kudharau kengele.

Kengele ile niliidharau mimi kabla yake. Yeye leo ni mtu mzima mwenye wajukuu, na huenda akazisoma kurasa hizi. Akizisoma, ajue kwamba namwomba radhi, na kwamba nilijua nimekosa siku ile ile niliposhika fimbo.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na mjukuu wangu kwamba swichi moja inatosha. Wala siwezi kukubaliana na waundaji wanaodai kwamba mtumiaji amepewa uhuru kwa kuwa kitufe cha kuzima kipo mahali fulani. Uhuru wa kuchagua kati ya kelele na uziwi ni mdogo mno. Mwenye kompyuta anatakiwa aweze kusema: huyu namsikiliza saa yoyote, huyu jioni tu, na yule hata kidogo. Aweze kulisema hilo mara moja, kwa maneno anayoyaelewa, na lisibadilishwe programu inapofanywa upya. Tangazo la biashara lisivae kanzu ya onyo. Na programu ngeni ipige hodi kabla ya kuingia, ikiambiwa hapana iondoke. Haya si madai ya mtu anayechukia mashine. Mpiga mbiu wa zamani aliyatimiza yote akiwa na pembe tu mkononi.

Mbona hayatimizwi? Nadhani ni kwa sababu wengi wa wanaotengeneza programu hizi hupata riziki yao kwa macho yetu. Kila tunapogeuza shingo, pana anayenufaika. Mwenye faida katika kelele si mtu wa kumkabidhi pembe akailinda peke yake. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kumpa mwananchi sauti juu ya matumizi ya taarifa zake, na hilo ni jema. Lakini sheria haitaingia kwenye kila kompyuta ya kila ofisi kubonyeza swichi. Sehemu hiyo imebaki kwetu, na inafaa ifundishwe kama tunavyofundisha kusoma na kuandika.

Mimi nimefanya nilichoweza. Nilikaa na mjukuu wangu siku nzima, tukapitia orodha programu moja baada ya nyingine. Programu ile ya ujumbe tuliiondoa kabisa, na mwanafunzi wangu sasa hunitumia taarifa kwa njia nyingine ambayo tumeiruhusu peke yake. Zimebaki sauti tatu katika kompyuta yangu: ya watoto wangu, ya hifadhi ya kazi zangu, na ya hali ya hewa. Nyavu nilichangia nusu. Jirani alikataa mara mbili, ya tatu akapokea.

Bado hupita barazani kabla ya kushuka pwani, na sasa sijibu nikiwa nimekaa. Naingia ndani kwanza, naangalia, kisha natoka.

"Kuna jambo, Mwalimu?"

"Leo hakuna jambo."

Naye huchukua kasia lake akaenda.